Futi na Maneno Kumi na Matano

Redio alitoka kliniki mbio, beji bado inamning'inia shingoni, viatu vya kazini vinapiga lami ko ko ko kama mtu anayefukuzwa. Hakuna aliyemfukuza. Alikuwa na habari.

Kama unajiuliza kwa nini wanamwita Redio, jua tu kwamba habari ikimwingia sikio la kulia, haijafika la kushoto ishamtoka mdomoni. Siku ya mahafali mhadhiri wake alimwambia, "Binti, kichwa unacho, mdomo unao, sasa tafuta breki." Breki hazijapatikana mpaka leo.

Na habari ya leo, jamani, hata ungekuwa wewe ungekimbia. Kaka yake amepata kumi na tano kwa kumi na tano!

Kaka mwenyewe ni fundi nguo. Watu wanamwita Futi, na jina hilo hakupewa bure. Alifanya kazi miaka tisa kwenye karakana ya Mama Sare, wanakoshona nguo za shule, na yeye ndiye aliyekuwa mkataji. Mtoto akisimama mlangoni, Futi anamtupia jicho moja tu: "Kiuno ishirini na mbili, urefu thelathini na moja." Wanaleta tepu, wanapima, ishirini na mbili, thelathini na moja. Vipimo vya darasa zima alivibeba kichwani. Mwenzake akichukua chaki kuandika, Futi anacheka: "Andika, andika, wewe mwenye kichwa cha chujio."

Halafu akaumwa. Miaka mitatu iliyopita alianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akaamini cherehani zinamsengenya. Daktari alisema ni skizofrenia. Dawa zilisaidia, tena sana. Zile sauti zikawa kama jirani aliyehama mtaa: unamkumbuka, lakini hakugongei mlango. Ila kitu kimoja hakikurudi. Umtume vitu vitatu dukani, analeta kimoja. Umwambie vipimo vitano, anabaki na viwili.

Mama Sare hakumtupa, ana utu yule mama. Lakini alimtoa kwenye meza ya kukatia akampeleka kwenye vifungo. Vifungo! Mtu aliyekata sare za shule nzima anakaa kwenye kigoda anashona kifungo kimoja baada ya kingine, mwaka wa pili sasa. "Nguo ikishonwa vibaya tunafumua," Mama Sare alimweleza. "Kitambaa kikishakatwa, kimekatwa. Niletee barua ya daktari inayosema kichwa kinashika, meza ni yako." Na mkataji wa sasa alikuwa anahama mwisho wa mwezi. Futi asipoipata meza sasa, atapewa mwingine, na basi tena.

Ndipo ukaja utafiti. Redio, shahada yake bado inanukia wino, akapata kazi hapo kliniki. Daktari wa kaka yake alikuwa anatafuta jibu la swali moja. Kuna kirusi kinacholeta vile vidonda vidogo mdomoni mtu akiwa na homa. Watu wengi sana tunacho, kinaingia utotoni na hakitoki tena, kinajilalia mwilini kimya. Je, kati ya watu wenye skizofrenia, wale wenye kirusi hicho wanapata shida zaidi ya kukumbuka na kufikiri kuliko wasio nacho? Basi mgonjwa anatolewa damu kidogo, halafu anapimwa kichwa: anasomewa maneno kumi na matano, anayarudia, anaunganisha namba kwa penseli, ananakili michoro. Futi akasema na yeye anaingia. Daktari akamwahidi kwamba majibu ya kichwa ndiyo atakayoyatumia kuandika ile barua.

Redio hakuruhusiwa kumpima ndugu yake, hilo linaeleweka. Aliyempima Futi ni mwenzake wa kazi, kijana mmoja wanayemwita Saa kwa sababu hajawahi kuchelewa hata dakika. Na Saa alipotoka chumbani macho yalikuwa yamemtoka.

"Yote," Saa alinong'ona. "Mara ya kwanza. Kwa mpangilio! Redio, mimi mwenyewe huwa nashika manane."

Hakutakiwa kumwambia. Lakini ndiyo hivyo, alishasema, na alisema kwa Redio.

Futi alikuwa ameshatangulia nyumbani, Redio alisubiri tu kazi iishe. Nyumbani na karakana ni njia moja, karakana inatangulia. Redio akaingia bila hodi.

"Mama Sare! Shikamoo, kaa chini!"

"Marahaba. Nimekaa, huoni?"

"Basi simama! Futi kapata kumi na tano kwa kumi na tano! Maneno yote! Mpimaji mwenyewe anashika manane!"

Cherehani sita zikanyamaza kwa pamoja. Halafu wale akina dada wakapiga vigelegele mpaka mwenye duka la pembeni akachungulia. "Si nilisema?" akapayuka mmoja. "Futi ni Futi!" Mwingine akadakia, "Vifungo atatushonea nani sasa?"

Mama Sare alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga ingawa haikuwa chafu. "Mwambie aje Jumatatu na barua yake," alisema. "Meza inamsubiri."

Hapo ndipo Redio alipopaa. Miguu ilifika nyumbani, lakini yeye alishafika zamani.

Futi alikuwa sebuleni, amekaa karibu na dirisha, anakunja pindo la pazia la Mama kwa mkono. Mama yuko jikoni, mlango wazi, anapepeta mchele.

"Kaka! Mbona umekaa kama mtu aliyefiwa? Umeipiga bao dunia nzima!"

Futi hakuinua kichwa. "Ngazi," alisema. "Sabuni. Mto. Barua. Kengele. Ndizi."

"Si ndiyo! Hayo hayo!"

"Kioo," Mama akadakia kutoka jikoni, bila kuulizwa na mtu, ungo unacheza mikononi. "Farasi, ukuta, chumvi, shuka, mwezi, jembe, pete, daraja."

Redio akageuka polepole. "Mama. Wewe umeyajuaje?"

"Nitaachaje kuyajua? Wiki mbili nzima unapiga pasi na kuyaimba. Juzi nimeanika nguo najikuta nasema kengele, ndizi, kengele, ndizi. Nikajua ni sala za huko chuoni kwenu."

Weee.

Maana ilikuwa kweli. Yale maneno yanatakiwa yasomwe neno moja kwa sekunde moja, sauti haipandi, haishuki, kama bomba linalodondosha matone. Mdomo wa Redio haujui kudondosha, unajua kumwaga. Basi akafanya mazoezi. Kila jioni alisimama mbele ya meza ya pasi, macho kwenye saa ya ukutani: tik, ngazi, tik, sabuni. Sheria ilisema karatasi ya maneno isitoke kliniki, na karatasi hakuitoa. Alichokitoa ni kichwa chake. Na kaka yake alikuwa amekaa palepale, kwenye kiti kilekile, jioni kumi na nne.

"Ulijua saa ngapi?" Redio aliuliza.

"Neno la pili. Aliposema sabuni nikasikia kabisa harufu ya pasi."

"Kwa nini hukumwambia?"

Futi akachomeka sindano kwenye pazia, akaiacha hapo. "Nilitaka. Nikasema ngoja amalize. Akamaliza, akaniambia haya, rudia, na yakatoka yenyewe, moja linamvuta mwenzake. Halafu yule kijana akaniangalia." Akalainisha pindo kwa kidole gumba. "Mdogo wangu, miaka mitatu hakuna mtu aliyeniangalia vile."

Redio akakaa sakafuni. Hapo ukweli usemwe: wazo lake la kwanza halikuwa zuri. "Kaka, nisikilize. Hukuiba. Umesikia, umeshika, umesema. Si ndiyo kumbukumbu hiyo? Tunyamaze tu. Barua iandikwe, Jumatatu unasimama kwenye meza yako, na tukianza kufukunyua, mimi mwenyewe kazi sina."

"Wewe utanyamaza?" Mama akauliza kutoka jikoni. "Wewe?"

"Mama, sio wakati wa utani!"

"Sitanii."

Futi akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akasema, bila haraka, kama mtu anayepitisha mkono juu ya kitambaa kutafuta mkunjo: "Nikiingia kwa barua ile, siku Mama Sare ananipa vipimo vitano nabaki na viwili, nitakata nini? Nitakata hasara. Halafu watasema, mnaona, wenye ugonjwa huu hawaaminiki. Njia ya mwongo fupi, na mimi nina safari ndefu. Jumatatu tunakwenda kwa Daktari."

"Na karakana?" Redio akauliza kwa sauti ya sisimizi. "Nimeshawaambia."

"Nilijua," Futi akasema. "Umechelewa kufika nyumbani."

Jumatatu wakaenda watatu, Mama naye akajifunga kitambaa cha kichwa akasema haachwi. Daktari ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na ile sauti ikizidi kuwa ndogo ujue umekwisha. Alimsikiliza Futi mpaka mwisho, akamgeukia Redio.

"Watu sitini na wawili," alisema, unasikia kwa shida. "Sitini na wawili tumewapima kwa uangalifu. Wa sitini na tatu wewe unamfundisha majibu kwa pasi."

"Nisamehe, Daktari. Nilitaka nisome vizuri."

"Unasoma vizuri sana. Hata mama yako amefaulu." Saa, aliyekuwa pembeni, alikohoa ghafla akageukia ukuta. "Kuanzia leo utapanga mafaili mpaka nitakapokuambia. Na kuanzia leo hakuna kufanya mazoezi nje ya jengo hili, hata kichwani. Matokeo yale nayafuta." Halafu akamtazama Futi, na sauti ikarudi ukubwa wake. "Fundi, unajua ungekaa kimya nisingegundua?"

"Najua."

"Kumi na tano ile ingeingia kwenye hesabu za utafiti, ikatudanganya wote. Watu wenye vyeti ukutani wamewahi kunyamazia makubwa kuliko hayo." Akafungua kabati kwa ufunguo. "Tuna orodha ya pili. Hii haijawahi kutoka humu. Uko tayari?"

Futi akafuta viganja kwenye suruali. "Niko tayari."

Walimtoa Redio nje, tena mbali, mwisho wa korido, wasije wakasikia hata pumzi yake. Akakaa kwenye benchi na Mama. Dakika zikatembea kwa magoti. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Redio hakuwa na la kusema, mpaka Mama akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Mlango ulipofunguliwa, Futi mwenyewe ndiye aliyesema. "Saba."

Redio akainuka kwenye benchi. Saba!

"Saba mara ya kwanza," Daktari akaongeza, karatasi mkononi. "Tunasoma orodha hiyohiyo mara tano. Ya pili tisa, ya tatu kumi, ya nne kumi na moja, ya tano kumi na mbili. Umeona? Kinachosemwa mara moja kinateleza. Kinachorudiwa kinashika. Namba alikwenda polepole, hakukosea hata moja. Na michoro," akainua karatasi nyingine, "michoro nimeweka yake kando ya ile ya kitabuni, nikashindwa kujua ipi ni ipi."

"Na damu?" Futi akauliza.

"Damu inaonyesha kirusi kile unacho."

Mama alishika mdomo. Alikuwa amelibeba hili tangu siku Redio alipoeleza utafiti nyumbani, hakumwambia mtu. "Daktari, ni mimi," alisema. "Nilikuwa natokwa na vile vidonda kila nikipata homa. Na huyu nilikuwa nambusu mdogo hivi, mashavu, mdomo, kila mahali. Mimi ndiye nimemharibu mwanangu."

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Mama, sikia. Hata mimi nikijipima leo, sidhani nitakikosa. Wengi wanacho na vichwa vyao vizima. Kama kinachangia kumbukumbu kupungua kwa wagonjwa wangu, sijui bado, ndiyo maana nauliza. Lakini hata nikipata jibu, halitakuwa jina lako. Hakuna mama aliyemharibu mtoto kwa kumbusu."

"Na mimi nisingekubali kurudisha hata busu moja," Futi akasema. Mama akampiga bega huku analia, "Nenda huko!"

Daktari akaandika barua hapohapo, hakuficha kitu. Redio aliisoma mara nne njiani kwenda karakana. Iliandika saba. Iliandika kumi na mbili. Iliandika kwamba fundi huyu apewe maelekezo kwa maandishi, tena yarudiwe, asiharakishwe, na kwamba jicho lake na mkono wake havina kasoro aliyoweza kuipata. Mstari wa mwisho ulisema: "Alikuja mwenyewe kusahihisha matokeo yaliyompendelea."

Mlangoni mwa karakana Redio alimvuta shati. "Kaka, ngoja niseme mimi. Mimi ndiye niliyeleta uongo."

"Uongo ulikuwa wangu pia. Twende."

Akina dada walikuwa wamejipanga kama wanapokea bwana harusi. Kigelegele cha kwanza kikapanda, Futi akainua mkono kukisimamisha.

"Ile kumi na tano ifuteni," alisema. "Nilikuwa nayajua maneno. Huyu aliyasema nyumbani."

"Wakati napiga pasi," Redio akakiri, uso unawaka. "Bila kujua. Ni kosa langu."

"Alama yangu ni saba," Futi akamaliza, akampa Mama Sare barua.

Mama Sare alisoma taratibu, kidole kinafuata mstari. Alipofika mwisho akarudi juu tena.

"Kwa hiyo nikikuambia kipimo mara moja?"

"Nitasahau."

"Utafanyaje?"

"Nitaandika. Halafu nitakusomea, na wewe utanisahihisha."

"Wewe uandike?" Mwenye kushona kola akashindwa kujizuia. "Wewe Futi, na maneno yako ya chujio?"

"Chujio ni mimi sasa," Futi akajibu. "Nipe hiyo chaki."

Basi karakana nzima ikaangua kicheko, naye akacheka, na Mama Sare akacheka mpaka akajishika kiuno. Lakini hakuwa mtu wa kulainishwa na kicheko. Alitandika kitambaa cha bluu mezani, mkunjo juu ya mkunjo, mashati ishirini kwa mpigo. "Nisikilize basi. Kifua thelathini na nne." Futi akaandika ukingoni mwa meza. "Bega kumi na nne." Akaandika. Urefu, mkono, shingo, kila moja akaandika, akasoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini. Akaomba vitajwe tena. Mama Sare akavitaja tena. Futi akasoma tena. Zamani angekuwa ameshakata na kumaliza, anapiga mluzi. Sasa ilikwenda robo saa na mkasi haujaguswa. Mmoja wa akina dada akaanza kugonga mguu. Redio alimtazama kwa jicho ambalo hakujua kama analo.

Halafu Futi akachora, akapima alichochora, akasoma ukingoni, akapima tena. Na alipoanza kukata, jamani, mkono ule haukusahau kitu. Mkasi uliingia kwenye bluu kama unakwenda kwao. Hakusimama, hakurekebisha, alizunguka kwapa kwa mkato mmoja mrefu, na vipande vikalala pembeni kimoja baada ya kingine.

Mama Sare alichukua shati la juu kabisa na la chini kabisa kwenye mkunjo. Hapo ndipo wakataji wanapokamatwa, maana kitambaa cha chini huwa kinakimbia. Akayalaza moja juu ya jingine, akapitisha ukucha pembeni mwa kola, begani, kwapani. Akageuza upande wa pili, akapitisha tena. Redio alikuwa ameng'ata beji yake bila kujua.

"Hata uzi mmoja haujapishana," Mama Sare akasema mwishowe. Akakunja barua mara mbili, akaiweka kwenye mfuko wa gauni. "Vipimo nitakuandikia mimi mwenyewe, kila asubuhi, kwa karatasi. Nitavisoma mara mbili. Ukinikimbiza, tutagombana."

"Na wewe ukinikimbiza."

"Na mimi nikikukimbiza."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Walikuwa wanasubiri sijui nini, ruhusa labda. Redio alitaka kupiga kelele mpaka mtaa wa tatu, alitaka kukimbia amwambie Saa, amwambie Daktari, amwambie yule mwenye duka la pembeni, mtu yeyote mwenye masikio. Lakini alibaki amesimama pale mlangoni anamtazama kaka yake, na ghafla kumi na tano ile ikaonekana namba ndogo sana.

Futi alikuwa anapangusa chaki mikononi. Aliangalia meza yote toka mwanzo mpaka mwisho, ubao wake, ukingo wake, na jicho likasimama kwenye kona, mahali mtu alipotua kikombe chake cha chai, nacho kimeacha duara bichi la maji pembeni ya kitambaa cha bluu. Uso ukamkunjamana.

"Nani," aliuliza, kwa sauti ambayo karakana ile haijaisikia miaka mitatu, "ameweka chai juu ya meza yangu?"

Dada wa kola akaruka kutoka kwenye kiti chake. "Samahani, fundi," alisema, akakiondoa mbio.